Kabla ya Kiberiti: Utafiti wa Uzamili Kuhusu Makazi ya Kanga na Kwale

Mwanafunzi wa uzamili akija na wazo la kurudisha kanga huku pwani ya Tanga, swali langu la kwanza ni moja tu: eneo lenyewe umelipima kabla ya kulifyeka au kulichoma? Kama bado, hana utafiti. Ana kazi ya kufyeka.

Tuchukue Mkwaja, wilayani Pangani. Palikuwa na ranchi ya ng'ombe iliyofungwa mwaka 2000, na sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Migunga imesonga malisho ya zamani. Mwenye haraka atasema kata migunga, kanga watarudi. Lakini kanga anataka vitu vinne vilivyo jirani: uwazi wa kuchakura, nyasi ndefu za kutagia, miti ya kulala na maji. Ukifyeka miti yote umemnyima pa kulala. Tena mgunga uliokatwa ukaachwa huchipua kutoka kwenye kisiki, kwa hiyo bila kurudia kazi misimu inayofuata utapata kichaka kizito kuliko cha mwanzo.

Urefu na msongamano wa nyasi hupimwa kwa fimbo ya Robel, iliyopakwa rangi kila sentimita 10. Unasimama mita 4 kutoka kwenye fimbo, jicho likiwa mita 1 juu ya ardhi, unaandika alama ya chini kabisa unayoiona, kisha unarudia kutoka pande nne. Watu wakichoka hawainami, na takwimu za mchana hutofautiana na za asubuhi. Dawa ni kamba ya mita 4 yenye kijiti cha mita 1 mwishoni. Jicho liende kwenye ncha ya kijiti.

Wadudu nao wapimwe, na hapa sikubali mkato. Vifaranga wa kanga na kwale huishi kwa wadudu wiki zao za kwanza. Uingereza, mtafiti Dick Potts alionyesha jinsi dawa za magugu zilivyoondoa magugu wanamoishi wadudu, chakula cha vifaranga wa kwale wa kijivu mashambani. Ndege wakubwa walikuwapo, vifaranga hawakui. Kuwatega wadudu, fukia vikombe vya plastiki, mdomo usawa na udongo, ndani maji na sabuni kidogo. Mdomo ukichomoza, wadudu huuzunguka. Wakati wa masika ezeka kila kikombe kwa kisahani juu ya vijiti, la sivyo mvua itamwaga kila kitu.

Kuhesabu ndege: mistari unayotembea ukihesabu inyooke, isifuate barabara, kwa sababu barabara ina uwazi wake na ndege wake. Kanga ukiwaona mita 40 mbele, pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mstari, umbali wa kuandika, yaani ule wa kukata mstari kwa pembe mraba, ni mita 20. Pima hadi katikati ya kundi, halafu hesabu vichwa. Tumia kipima umbali. Makadirio ya macho hujaa namba rahisi kama 10, 20 na 50. Distance, programu ya kompyuta inayokadiria idadi ya ndege kutokana na umbali huo, inataka angalau makundi 60 hadi 80 ndipo matokeo yatulie. Kwale ni mtihani zaidi, maana hukimbia chini ya nyasi kabla hujamwona. Kwake hesabu milio alfajiri, ukikumbuka kwamba milio inaonyesha kupanda na kushuka, si idadi kwa hektari.

Kosa linaloua tasnifu nyingi ni hili: sampuli 30 ndani ya kitalu kimoja kilichochomwa huhesabiwa kama 30 zinazojitegemea. Ni kitalu 1. Afadhali vitalu 12 vidogo, 6 vichomwe na 6 viachwe, vikichaguliwa kwa kura, vyote vimepimwa msimu mmoja kabla. Miaka miwili ya uzamili inabana, kwa hiyo jifunge kwenye ratiba ya moto ya hifadhi. Ndani ya Saadani moto ni wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, si wa mwanafunzi. Vibali vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) vifuatwe mapema.

Choma baada ya masika, Juni au Julai, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto uruke na kuacha mabaka yasiyoungua. Moto wa mwisho wa kiangazi hufagia kila kitu, na vuli ikianza kanga hawana nyasi za kuficha mayai kwa siku 26 hivi za kuatamia.