Ugonjwa Mmoja, Amri Tofauti: Itikadi Inaingia Wapi?

Virusi vya UVIKO-19 vilikuwa vilevile Kigali, Stockholm na Dodoma, lakini amri hazikufanana. Machi 21, 2020 Rwanda iliwataka watu wabaki majumbani. Sweden ilitegemea zaidi hiari ya raia na ushauri wa wataalamu wake. Tanzania ilitangaza kufunga shule Machi 17, ikaacha masoko na nyumba za ibada wazi, na mwezi Aprili ikaitisha siku tatu za maombi.

Palipo na amri ngumu, itikadi ndiyo huamua nani abebe mzigo. Mchukue mama lishe wa Soko la Majengo: mauzo ya leo ndiyo unga na mkaa wa kesho. Mfungie siku kumi bila posho, mtaji umeshaliwa. Siku ya kumi na moja atatoka tu, amri iwepo isiwepo. Kwa hiyo hoja ya kutofunga ilikuwa na uzito, na wanaoibeza hawajawahi kuhesabu mtaji wa ndoo moja ya maharage.

Tulipoharibu Watanzania ni kwenye takwimu. Za mwisho zilitolewa mwanzoni mwa Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Kisha kimya, zaidi ya mwaka. Soko laweza kubaki wazi na wagonjwa wakahesabiwa vilevile. Bila hesabu, mganga mkuu wa wilaya, awe Kongwa au Mpwapwa, hajui mitungi ya oksijeni aipeleke wapi kwanza.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba itikadi yetu ya kujitegemea, mwaka 1973, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo kwa mikono yao. Safari hii itikadi hiyohiyo ilitumika kutilia shaka vipimo na chanjo za kutoka nje. Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani Julai 28, 2021, wananchi walikuwa wameshasikia kauli mbili zinazopingana kutoka serikali ileile.

Mlipuko mwingine ukija, simama kwenye mkutano wa mtaa umuulize mtendaji: takwimu za wilaya zinatoka siku gani? Atakayezuiwa kufanya kazi atakula nini, na fungu linatoka wapi? Amri itapitiwa upya tarehe ngapi? Hakikisha majibu yameingia kwenye muhtasari kabla mkutano haujafungwa.