Chaguo la Kweli Linaweza Kuwa Jibu Lisilo Sahihi

Malalamiko ya watahiniwa kuhusu maswali ya hoja yameongezeka, na mengi yanaishia kwenye sentensi moja: "Nilichochagua ni kweli kabisa, mbona nimekoseshwa?" Hatuna shaka na nia ya wanaotuandikia. Lakini swali la hoja halikuulizi mambo yalivyo duniani. Linakuuliza kama sababu zilizotolewa zinatosha kubeba hitimisho.

Chukua hoja hii: "Barabara kuu iliwekewa taa. Mwaka uliofuata ajali za usiku zilipungua. Kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza ajali." Unatakiwa uteue chaguo linaloipa hoja nguvu zaidi. Wengi hukimbilia lile linalosema kwamba usiku dereva huona umbali mfupi kuliko mchana. Ni kweli, na mwenye hoja angelikubali bila kubishana, ila pengo linabaki wazi: huenda mwaka huo huo polisi waliongeza doria, au magari yalipungua. Chaguo lenye nguvu ni hili: "Katika kipindi hicho, ajali za mchana kwenye barabara hiyo hazikupungua." Watahiniwa huliruka kwa sababu halitaji taa wala usiku. Hebu litazame tena. Kama doria au upungufu wa magari ndio uliopunguza ajali, kwa kawaida hata mchana zingepungua. Hazikupungua, kwa hiyo sababu hizo zinadhoofika na taa zinabaki na nafasi kubwa zaidi. Mtunga swali alilenga hapo hapo. Vipotoshi vingine, yaani machaguo yasiyo sahihi, vimewekwa kumnasa anayetafuta maneno yanayofanana na ya kifungu.

Ukiulizwa hoja imeegemea dhana gani, kanusha kila chaguo kisha urudi kwenye hoja. Chaguo linasema: "Magari yanayopita usiku hayakupungua sana." Likanushe: yalipungua sana. Hoja inayumba, basi hiyo ni dhana yake. Chaguo jingine linasema hakuna barabara nyingine yenye taa. Kanusha, na hoja inasimama vile vile, liache.

Kuna pia neno "baadhi", ambalo tumelieleza mara nyingi mno. Katika mantiki ni angalau kimoja, na halikatai kwamba huenda ni vyote. Vilevile "kila aliyefaulu alifanya mazoezi" haisemi kwamba kila aliyefanya mazoezi alifaulu. Anayegeuza sentensi hiyo asilaumu usahihishaji.

Kuhusu alama, tafadhali someni kwa makini. Tangu Agosti 2024 LSAT, mtihani wa kujiunga na shule za sheria, haina tena michezo ya mantiki, yaani mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti: ina sehemu 2 za hoja na 1 ya ufahamu zinazohesabiwa, pamoja na 1 isiyohesabiwa, kila moja dakika 35. Matokeo hupangwa kati ya 120 na 180 kutokana na majibu sahihi pekee, kwa hiyo jibu baya halikupunguzii chochote. SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu vya Marekani, nayo iliacha mwaka 2016 kukata robo alama kwa kosa. Bado tunawaona watahiniwa wanaoacha maswali wazi kwa kuogopa adhabu iliyokwisha kufutwa, na hilo linatusikitisha. GMAT ya sasa, mtihani wa kujiunga na shule za biashara, ni tofauti: usipomaliza sehemu, maswali uliyoyaacha yanakushusha, na katika kila sehemu unaruhusiwa kubadilisha majibu yasiyozidi 3. Usizimalize nafasi hizo 3 kwa wasiwasi.

Anayeona swali lina kasoro anayo haki ya kuomba lipitiwe. Ombi litaje mtihani, sehemu na swali, lioneshe sentensi ya kifungu inayobeba chaguo lake, kisha lieleze kwa nini sentensi hiyo hailibebi jibu lililokubaliwa. Ombi linaloegemea uzoefu binafsi, au alichosoma mtu kwingine, hatuwezi kulishughulikia, kwa sababu mtahiniwa aliyeketi kiti cha jirani hakuwa nacho mbele yake.