"Should have" sio "ningeli", jamani

Juzi tena nimesahihisha insha ya mtu mzima na akili zake, kaandika "I would have told her the truth" akimaanisha roho inamuuma kwa sababu hakumwambia ukweli. Namuuliza kwa nini "would", ananijibu eti si ndo "ningemwambia"? Nimechoka.

"Would have" inadai sharti. Ungemwambia kama nini, kama angekuuliza? Ukiiacha peke yake msikilizaji anabaki anasubiri umalizie, na mbaya zaidi unasikika kama unajitetea. Ukitaka kujishtaki mwenyewe sema "I should have told her", yani lilikuwa juu yangu na sikufanya.

Sasa hapa ndo penye utamu. Kiswahili ukisema "nilipaswa kumwambia" mi bado sijui kama ulimwambia au la, unaweza ukaendelea "na nikamwambia" na sentensi ikasimama freshi tu. "I should have told her" haikupi huo mwanya, ukishaitamka umeshakiri hukumwambia. Kwa hiyo hata ile tafsiri ya "nilipaswa" tunayofundisha kila siku ni nusu tu ya kazi.

Ila nikubali kitu. Mtu akikulalamikia "si ungeniambia!" hamna sharti lolote pale, ni lawama tupu, na -nge- imeibeba vizuri kabisa. Mwanafunzi wangu kaitoa hukohuko, kwa hiyo hajatunga, kaikosea lugha ya pili tu. Kiingereza lawama hiyo utasikia "you could have told me!", na hiyo "could have" nayo kinyonga: "I could have married him" inaweza kuwa kilio au inaweza kuwa shukrani, sikiliza sauti.

"Must have" iacheni, hiyo ni ya kukisia, "I must have lost it" ni itakuwa nimeipoteza, sio ilinibidi. "Should of" ni masikio tu yanadanganya, inaandikwa "should've". Na ni "should have gone", sio "went". Tuendelee.

Kinachoninyima raha ni "needn't have". Vitabu vinasema "I needn't have cooked" ni nilipika bure, wakati "I didn't need to cook" haisemi kama ulipika au hukupika. Sawa, lakini Wamarekani hiyo ya kwanza hata hawaitumii sana, wao "didn't need to" inawatosha kote kote. Na mimi nimekata watu maksi miaka yote kwa hiyo tofauti. I probably shouldn't have.