Halabja, mji wa mpakani

Ukitaja Halabja mbele ya wanafunzi wangu wa historia, wale wachache wanaoujua mji huo hujibu neno moja tu: gesi. Siwalaumu. Ila mimi nafundisha miji ya mipakani, na kwa maoni yangu hata hiyo siku ya Machi 1988, mji uliposhambuliwa kwa gesi ya sumu, haieleweki kwa asiyejua mji wenyewe umekaa wapi na ulijengwa na nani.

Halabja iko Kurdistan ya Iraq, pembezoni mwa tambarare ya Sharazur, kusini-mashariki mwa mji wa Sulaymaniyah. Nyuma yake imesimama milima ya Hawraman, na ng'ambo ya milima ni Iran. Hadi mpakani hazifiki kilomita 20. Wajaf, kabila kubwa la wafugaji wa Kikurdi, walishusha mifugo tambarare wakati wa baridi, na joto likianza wakaipandisha milimani upande wa Iran. Mpaka wa dola ya Osmania na Uajemi waliuvuka kama mtu anavyokatiza uani kwake.

Machifu wa Wajaf ndio walioukuza mji. Mmoja wao, Osman Pasha, alikuwa liwali wa dola ya Osmania, na mwaka 1895 alimwoa Adela Khanum, binti wa ukoo mkubwa wa Sanandaj, upande wa pili wa mpaka. Mume akawa na safari nyingi za kiserikali, na mambo ya mji yakaangukia mikononi mwa mke. Mwingereza E. B. Soane alifika mwaka 1909 akijifanya Mshirazi (wa Shiraz yenyewe, si wa pwani yetu), akaajiriwa na bibi huyo kama karani. Anasimulia kuwa Adela Khanum alijenga gereza na soko, akaanzisha baraza la hukumu na kulisimamia mwenyewe, na akaleta waashi kutoka Uajemi wamjengee majumba yaliyoyapita ya Sulaymaniyah. Mumewe alipofariki mwaka huohuo, hakuna aliyemwondoa. Aliendelea hadi alipokufa mwaka 1924, na Waingereza walimpa cheo cha Khan Bahadur, ambacho kwa kawaida walikuwa wakiwapa wanaume.

Watu wa mji wenyewe hawakuwa wa aina moja. Wengi ni Wasunni wanaosema Kisorani, lahaja ya Kikurdi. Wahawrami wa milimani wana lugha yao, na karibu nao kuna Wakakai wenye dini yao. Kulikuwa pia na Wayahudi waliozungumza Kiaramu cha kwao hadi walipohamia Israeli mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Nisipite bila kumtaja mshairi Abdulla Goran, aliyezaliwa Halabja mwaka 1904. Washairi wa Kisorani waliomtangulia walitunga kwa arudhi za Kiarabu. Goran akaziacha, akarudia hesabu ya silabi ya nyimbo za kienyeji. Anayejua mizani za tenzi zetu ataelewa mara moja alichokuwa akikitafuta.

Sasa tuje Machi 1988. Vita vya Iran na Iraq vilikuwa vinakaribia kumalizika, na mpaka uliokuwa ukiilisha Halabja ukawa mstari wa mbele. Majeshi ya Iran pamoja na peshmerga, yaani wapiganaji wa Kikurdi, walishuka kutoka milimani wakauteka mji. Tarehe 16 ndege za Saddam Hussein zikaja. Kwanza zilidondosha mabomu ya kawaida, na watu wakafanya walichozoea kufanya miaka yote ya vita: wakaingia vyumba vya chini ya ardhi. Kisha ikaja gesi ya haradali pamoja na sumu za neva. Gesi hizo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo zilishuka mle mle walimojificha. Walionusurika wengi husimulia harufu ya matofaa. Idadi ya waliokufa inayotajwa zaidi ni 5,000, karibu wote raia. Waliojiweza walikimbilia Iran kupitia milima ileile ya wafugaji. Watoto waliopotezana na wazazi njiani walilelewa huko, na baadhi yao wamerejea wakiwa watu wazima, wakitafuta jamaa zao kwa vipimo vya DNA.

Ukumbusho mkubwa ulifunguliwa mwaka 2003. Tarehe 16 Machi 2006 wenyeji wenyewe waliuchoma moto. Wageni wa mbali walishangaa, mimi sikushangaa hata kidogo. Kila mwaka viongozi walikuja na mashada na hotuba, wakaondoka, na mji ukabaki bila barabara wala maji ya maana. Jengo lilikarabatiwa baadaye. Aprili 2025 bunge la Baghdad liliufanya Halabja mkoa wa 19 wa Iraq, jambo ambalo serikali ya Kurdistan ilikuwa imeliamua tangu 2014.

Wanaoniuliza waende lini, huwaambia waende majira ya kupukutika majani, komamanga zinapoiva na mji unapofanya tamasha lake. Kutoka hapo panda Biyara na Tawela, vijiji vya Wahawrami vyenye zawiya za tarika ya Naqshbandi na mashamba ya jozi kwenye miteremko. Kule juu ndipo utakapouona mpaka kwa macho yako.