Utengamao si kutenga

Kwenye mkutano wa mtaa, huku kwetu Mwanza, mwenyekiti alisema vijana wawili wanaozurura mwaloni "wapelekwe utengamao", mkono kaunyoosha kama vile Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, inaonekana kutoka pale. Watu wakapiga makofi. Ni mara ya tatu mwaka huu.

Utengamao ni huduma za kumrudishia mtu uwezo wa kuishi na watu wake baada ya ugonjwa au ajali. Kwa mwenye ulemavu uliotokana na maradhi ya akili, ni dawa zisikatike, kazi, pa kulala, na mtu wa kumfuatilia. Basi.

Kosa linaanzia sikioni. Watu wanasikia "tenga" ndani yake, wanafikiria kutengwa. Mzizi kweli ni huohuo, ila tenga si kuweka kando tu, ni pia kuweka kitu mahali pake. Humo ndimo limetoka tengenea, na tengeneza ambalo tunalitamka kutwa nzima. Tengamaa, au tengemaa, ni kutulia baada ya msukosuko. Mama akishuka kilima cha hospitali ya Bugando ukamuuliza mgonjwa vipi, atakujibu "hali imetengemaa". Humwelewi kwamba mgonjwa kafungiwa.

Halafu kuna utangamano, wenye a, kutoka tangamana: kuchanganyika na watu. Mtu anaweza kutengemaa wodini, akarudi nyumbani asitangamane na yeyote. Ana sahani yake, kikombe chake, na mkeka wake nyuma ya nyumba. Wodi haina la kufanya hapo. Ndiyo kazi ya ustawi wa jamii.

Namfahamu mmoja Igombe aliyetengemaa na akatangamana. Kila mwezi anachomwa sindano yake zahanati, siku nyingine yuko chanjani anageuza dagaa. Wingu likifunga ziwani, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele watu waanue. Tarehe ya sindano anakumbushwa na bosi wake, kwa sababu afisa ustawi wa kata alikaa na huyo bosi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamweleza. Halmashauri nazo hutenga (neno letu hilo!) asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 2 kati ya hizo za watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo, mwenyekiti wangu, shikamoo. Kwenye muhtasari ule futa "utengamao", andika "waondolewe". Ndicho ulichosema.