Maji Yakipwa Pangani: Harufu ya Mikokoni Siyo Hewa Ukaa

Maji yakipwa Pangani, tope la mikokoni hunuka yai viza. Utamsikia abiria wa pantoni ya Bweni akisema, huku kaziba pua, "Hiyo ndiyo hewa ukaa." Siyo. Hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, haina harufu. Kinachonuka ni gesi yenye salfa, inayotengenezwa na bakteria waishio kwenye tope lisilofikiwa na oksijeni.

Wengine huamini kwamba penye mikoko hewa ukaa huingia tu, haitoki. Hapa pana mengi. Majani yaliyodondoka, mizizi iliyokufa, na uozo ulioletwa na mto kutoka mabonde ya juu, huko Kilimanjaro na Meru, vyote huliwa na bakteria, nao hutoa hewa ukaa, kama sisi tupumuapo. Hewa ukaa yao huyeyuka katika maji yaliyolala ndani ya tope. Simama kando ya kijito bahari inapopwa, utazame mashimo ya kaa: maji membamba yanachuruzika humo, moja baada ya jingine, kuelekea mkondoni. Hayo ndiyo yaliyobeba hewa ukaa. Ndiyo maana kiwango chake kijitoni hupanda maji yakipwa na kushuka yakijaa, kama watafiti walivyopima Ras Dege, kusini mwa Dar es Salaam, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Angani hewa ukaa ni kama sehemu 420 katika milioni. Kwenye midomo ya mito ya tropiki kiwango cha majini mara nyingi huwa mara kadhaa ya hicho, basi ziada hutoka kimyakimya, na upepo ukivuma hutoka kwa kasi zaidi.

Eti hewa ukaa hiyo ya majini inatoka kwenye injini za mashua? Moshi wake huenda hewani. Hewa ukaa ya majini chanzo chake ni uozo.

Linaloniuma ni hili: "Kama mikoko nayo inatoa, si bora tuikate tuchimbe majaruba ya chumvi?" Jamani, hapana. Kinachotoka majini ni sehemu tu. Misitu ya mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki iliyopimwa ilikutwa na wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta, nyingi ikiwa ardhini. Inadumu humo karne kwa karne kwa sababu ileile inayolifanya tope linuke: oksijeni haifiki chini. Jembe la kwanza la jaruba ndilo linaloifungulia njia.