Trim, mji wa ngome nchini Ireland: dhana potofu wanazokwenda nazo wapenzi watalii

Trim ni mji mdogo ulio kando ya mto Boyne katika kaunti ya Meath, kiasi cha kilomita 45 kaskazini-magharibi ya Dublin. Vivutio vyake vikuu vinaweza kuzungukwa kwa miguu kwa siku moja, na ndiyo maana watu walio katika fungate au wanaoadhimisha miaka ya ndoa yao huutia katika safari zao. Wengi hufika wakiwa wamekwisha kusimuliwa mambo ya huko, na baadhi ya masimulizi hayo yamepambwa mno. Kwa maoni yangu yaliyothibitika yanawafaa zaidi wapenzi, kwa kuwa Trim ina habari za wanaume na wanawake halisi ambazo mtungaji wa ngano asingethubutu kuzibuni.

Dhana: Kaburi la “Mume na Mke Wenye Wivu” ni la ndoa iliyovunjwa na usaliti

Kaburi hili liko Newtown, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ngomeni, kwa njia inayofuata mto. Ndani ya gofu la kanisa dogo la parokia, juu ya kaburi lililoinuliwa kama meza, wamelala chali watu wawili wa mawe: mwanamume aliyevaa deraya na mwanamke aliyevaa gauni refu la enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hawagusani, na kati yao umelazwa upanga. Masimulizi ya mtaani husema kwamba mke alikuwa na mwanamume mwingine, au mume alimdhania hivyo, na kwamba upanga uliwekwa pale ili wasigusane hata baada ya kufa.

Waliolala pale ni Sir Lucas Dillon na mkewe, Jane Bathe. Dillon alikuwa jaji mkuu wa mahakama ya hazina ya Ireland kuanzia mwaka 1570, kiti alichokirithi kwa James Bathe, ambaye ndiye aliyekuwa baba mkwe wake. Ndoa hii basi iliunganisha koo mbili za wanasheria wakubwa, na kaburi lenyewe, lililochongwa nembo za koo ubavuni, linajivunia muungano huo waziwazi. Upanga katika makaburi ya watu wa daraja lake ulikuwa alama ya cheo. Tena ni vigumu kuamini kwamba familia yenye hadhi kama ile ingemlipa mchongaji aitangaze aibu ya nyumbani kwa kila muumini aliyeingia kanisani. Uwazi ulio kati ya sanamu hizi mbili ndio uliowapa watazamaji wa baadaye nafasi ya kutunga, nao wakatunga kweli.

Mgeni akiinama hapo huona pini nyingi zilizoshika kutu, zimetapakaa kati ya miili hiyo miwili. Si takataka. Kuna imani ya kienyeji kwamba mwenye chunjua akiigusisha pini kwenye chunjua yake kisha akaiacha kaburini, chunjua hupotea kadiri pini inavyoliwa na kutu. Kwa hiyo kaburi linalosemwa ni la ugomvi limekuwa, kwa vizazi kadhaa, mahali pa kutafutia tiba. Tafadhali msiziokote pini hizo kwa ukumbusho.

Jirani na kaburi yako magofu ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililoanzishwa mwaka 1206 na Askofu Simon de Rochfort. Ng'ambo ya mto kuna sehemu iitwayo Echo Gate, ambapo mtu akipaza sauti kuelekea magofu hurudishiwa maneno yake kwa usafi wa ajabu. Wapenzi huitana majina pale, na hakuna ada inayotozwa.

Dhana: Ngome ya Trim ilijengwa na Mfalme John, naye aliishi humo

Jina “Ngome ya Mfalme John” limeshikamana na mahali hapa, lakini mjenzi ni mwingine. Mwaka 1172 Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza alimpa Hugh de Lacy nchi ya Meath, na de Lacy akaanza na boma la udongo na mbao hapo Trim, ambalo lilichomwa moto muda mfupi baadaye. Ujenzi wa mawe ulifuata katika miaka ya 1170 na kukamilishwa na mwanawe, Walter, katika karne ya 13. Matokeo yake ni ngome kubwa kuliko zote walizojenga Wanormani, yaani wavamizi waliotoka Uingereza, nchini Ireland, yenye mnara mkuu wa umbo la msalaba na pande 20. Mfalme John alifika Trim mwaka 1210, akiwa amekuja kuwatia adabu akina de Lacy, na nyaraka alizoandika huko zinaonyesha kwamba alipiga kambi katika uwanja wa majani nje ya mji. Mtu aliyepewa jina la ngome alilala hemani.

Waongozaji wengi hupitia haraka mno habari ya ndoa ya Hugh de Lacy. Mwaka 1180, akiwa mjane, alimwoa binti wa Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa Ireland na adui wake wa jana, bila kuomba ruhusa ya Mfalme Henry. Henry aliingiwa na shaka kwamba mtumishi wake anataka kujifanya mfalme wa Ireland, akamwita Uingereza mwaka uliofuata. De Lacy aliuawa kwa shoka huko Durrow mwaka 1186, na hata maiti yake ikagombaniwa: mwili ulizikwa katika abasia ya Bective, kilomita chache kutoka Trim, na kichwa katika abasia ya Mtakatifu Thomas mjini Dublin. Uamuzi wa kanisa wa mwaka 1205 ndio uliouruhusu mwili kwenda Dublin. Magofu ya Bective, yenye ua wa ndani uliozungukwa na matao, ni mahali pazuri na patulivu zaidi kuliko ngome, na ningependa wanandoa wapewe muda huko badala ya kuharakishwa kurudi Dublin.

Dhana: Ndani ya ngome kuna vitanda vya kifalme na mapazia

Hakuna. Aliyewahi kutembea katika magofu ya Gedi au Kilwa Kisiwani atakuwa tayari kwa atakachokiona, yaani kuta tupu, mashimo ya mihimili na ngazi nyembamba za kuzunguka. Ngome hii ilikuwa ya vita na utawala, na wachimbuaji wa miaka ya 1970 walikuta hapo mifupa ya wanaume 10 wasio na vichwa. Uwanja wa ndani unatembelewa bila mwongozaji, lakini mnara mkuu huingiwa kwa kundi dogo lenye mwongozaji tu, na nafasi huisha mapema wakati wa kiangazi. Mwenye matatizo ya magoti au hofu ya kimo afikirie mara mbili kabla ya kupanda.

Wapo pia wanaodhani kwamba hii ni ngome ya Scotland kwa sababu waliiona katika filamu ya Braveheart ya mwaka 1995, inayosimulia vita vya Waskoti dhidi ya Waingereza. Humo ilitumika kuwakilisha mji wa York wa Uingereza.

Dhana: Talbot's Castle ni nyumba ya mapenzi ya Jonathan Swift na Stella

Ng'ambo ya mto, mkabala na ngome, kuna jumba la mawe la karne ya 15 linaloitwa Talbot's Castle. Swift, mwandishi aliyezaliwa Dublin mwaka 1667, alikuwa kasisi wa Laracor karibu na Trim kuanzia mwaka 1700. Esther Johnson, ambaye yeye alimwita Stella, alihamia Ireland mwaka 1701 akifuatana na rafiki yake Rebecca Dingley, na jumba hilo aliwahi kulimiliki kwa muda mfupi kabla ya kumuuzia Swift. Kutokana na habari hiyo ya mauziano watu wametunga habari ya mume na mke waliojificha ndani ya kuta nene.

Inasemwa kwamba walifunga ndoa ya siri mwaka 1716. Jambo hilo limejadiliwa karibu miaka 300 na halijawahi kuthibitishwa. Kinachoelezwa na waliowajua ni kwamba Swift alichunga sana asikae naye faraghani, kiasi kwamba Rebecca au mtu mwingine alikuwapo karibu kila wakati. Stella alifariki mwaka 1728, Swift mwaka 1745, na wote wawili wamezikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin. Uhusiano wa miaka mingi namna ile, ambao mpaka leo hakuna awezaye kuupa jina, unastahili heshima kuliko kuitiwa “kiota cha mahaba” katika matangazo ya watalii. Jumba ni makazi ya watu binafsi, hivyo litazameni kutoka upande wa ngome.

Dhana: Yellow Steeple ilibomolewa na Cromwell alipoteketeza abasia

Mnara huu mrefu uliobaki upande mmoja ulikuwa wa kengele katika abasia ya Mtakatifu Maria, iliyovutia mahujaji kwa sanamu ya Bikira Maria iliyoaminiwa kutenda miujiza. Abasia ilifungwa katika karne ya 16, chini ya Mfalme Henry wa Nane, takriban miaka 100 kabla Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza, hajakanyaga Ireland mwaka 1649. Masimulizi ya huko yenyewe husema kwamba sehemu ya mnara ilibomolewa mwaka huo ili jeshi lake lisiitumie. Nendeni jua linapokaribia kuzama, mawe yanapogeuka rangi ya manjano iliyoupa mnara jina.

Dhana za safari

Wengi huogopa mvua. Mashariki ya Ireland hupata kiasi cha milimita 750 hadi 1,000 kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupita milimita 1,000. Tofauti ni kwamba ya Ireland hunyesha kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa hiyo koti lisilopitisha maji lafaa kuliko mwavuli. Urefu wa mchana ndio wa kupangia safari. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na Desemba huzama baada ya saa kumi jioni kidogo tu, na aliyefika mchana hubaki na saa chache za kuona magofu.

Si lazima kukodi gari. Treni haifiki Trim, lakini mabasi ya Bus Éireann hutoka Dublin. Gari linahitajika zaidi kwa Bective na kilima cha Tara. Kwa Newgrange, kaburi lililojengwa takriban mwaka 3200 kabla ya Kristo, msiende moja kwa moja mlangoni, kwa sababu wageni hupitia kituo cha Brú na Bóinne na kupelekwa kwa basi, na tiketi za kuingia ndani hufaa kununuliwa mapema.

Mwisho ni dhana inayogharimu kuliko zote, ya kwamba viza ya Schengen au ya Uingereza inatosha. Ireland ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya na hutumia yuro, lakini haimo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Tanzania au Kenya huhitaji viza ya Ireland yenyewe, na kila mmoja wa wanandoa huomba ya kwake.